Mistari Miwili ya Maoni

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Nimeibeba ndani ya bahasha ya kaki tangu wizarani,
nimevuka Michenzani, nimeingia Jang'ombe kwa miguu,
kuja kupima iwapo mafunzo yamefaa.

Swali la kwanza: Dira ya skuli imebandikwa mahali pa wazi?
Imebandikwa. Mchwa wameshaisoma hadi neno la tatu.
Natia tiki.

Mwalimu Mkuu, Bi Riziki Ussi, hayumo ofisini.
Ofisini wamekaa watoto thelathini na wanane wa darasa la pili,
na kiti chake cha kuzunguka
anakizungusha mtoto wa kike asiye na jino la mbele.
Meza ya mkubwa imetolewa barazani,
karatasi zimekandamizwa kwa jiwe la tumbawe,
upepo unazijaribu, haziendi.

Saa sita na nusu. Zamu ya asubuhi inatoka,
zamu ya mchana inaingia,
geti ni hilo hilo moja.
Bi Riziki kasimama katikati ya vumbi, anaita.
Haiti kwa daftari. Anaita kwa nyuso.
"Nassra, jicho lako?"
"Abdulwakil, leo umekula, au umekula maneno?"

Fomu haina kisanduku cha jicho la Nassra.

Nikamuuliza kama nilivyoagizwa:
Katika moduli sita za uongozi, ipi imekufaa zaidi?
Akacheka hadi mtandio ukamteleza.
"Moduli zimenitoka, mwanangu.
Nakumbuka baridi ya kiyoyozi na biriani ya siku ya kufunga.
Cheti kipo kabatini, chini ya mashuka.
Ila alikuwako mkufunzi mmoja wa Wete, mfupi, sauti ndogo,
alitwambia: andikeni majina ya watoto msiowajua.
Wenzangu wakacheka: tutaandikaje tusiyoyajua?
Mimi sikucheka.
Elfu na mia nane, mwanangu.
Nilikuwa nawajua watundu na wanaoshinda.
Waliobaki walikuwa shikamoo tu, inayopita."

Alianza na komeo.
Komeo la choo cha wasichana, bei ya kilo mbili za mchele,
alilitoa mkobani mwake, akalipigilia mwenyewe.
Waliokuwa wakipotea siku nne kila mwezi
hawapotei tena.

Kisha ukurasa wa tisa: Matokeo.
Kabla ya mafunzo, asilimia sabini na mbili.
Baada ya mafunzo, sitini na moja.

Nikainua uso. Hakuinamisha wake.

"Zamani," akasema,
"siku ya mtihani wa taifa tulikuwa na wagonjwa.
Kila mwaka, siku hiyo hiyo, wale wale wasiojua kusoma.
Mwalimu wa darasa anawanong'oneza wabaki kwao,
mimi natia sahihi, skuli inang'ara.
Mwaka huu nimewafuata, nyumba kwa nyumba.
Mmoja nilimkuta anauza barafu za ukwaju, nikazinunua zote.
Wamekaa, wameandika.
Wamefeli, naam.
Lakini wamefeli wakiwa ndani."

Jana nilikuwa skuli nyengine.
Sambusa za moto, cheti ndani ya kioo,
asilimia tisini na nne.
Tiki zangu zilijipanga kama askari wa gwaride.
Sikuuliza nani alikuwa mgonjwa.
Fomu haikuniambia niulize,
na sambusa zilikuwa tamu.

Wizarani wanangoja jedwali.
Litapandishwa ukutani kwa taa:
waliopanda kijani, walioshuka chekundu.
Na mimi ndiye mtia rangi.

Ukurasa wa kumi na moja. Maoni mengineyo, mistari miwili tu.
Nimeandika, nimefuta, karatasi imetoboka.
Kengele, rimu ya gari kuukuu, imelia,
na ofisini wanaimba hesabu ya mara saba,
wanakosea saba mara nane, wanarudi nyuma, wanaanza tena.

Nimeandika hivi, pembeni mwa tundu:

Choo cha wasichana kina komeo.
Kwengineko, ulizeni nani aliumwa siku ya mtihani.